Nakala ya Pili ya Tangi Namba Sita

Mkaa hauongezeki. Kulijua hilo hakuhitaji shule. Ukijaza tangi mkaa wa mifupa hadi kwenye alama, mwaka unaofuata utaukuta umeshuka, maana maji huusaga na kuondoka nao kidogo kidogo. Kwa hiyo siku ile Daktari Kokushubira Rwiza alipochomeka fimbo yake ya kupimia ndani ya tangi namba sita, akaitoa, akaipangusa kwa kiganja na kuichomeka tena, nilijua ameona nini. Mimi nilikuwa nimekiona tangu Krismasi na sikumwambia mtu.

"Mzee Akyoo, humu uliongeza mkaa lini?"

"Sijaongeza. Mwezi wa kumi na nne huu."

"Mbona uko vidole vinne juu ya alama?"

"Niliuchoma vizuri."

Hakucheka. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, Mhaya, mrefu, ametumwa na Taasisi iliyotutengenezea bakteria, na tangu asubuhi alikuwa amepima matangi matano bila kusema lolote ila "sawa". Alikinga maji ya namba sita kwenye kipimo chake, akasubiri, akanionyesha. Chemchemi yetu hutoka mlimani na miligramu kumi na nne za floraidi katika kila lita. Sheria inataka zisizidi moja na nusu. Kipimo kilisema sifuri nukta mbili.

"Hakuna tangi nchi nzima linalotoa maji haya," akasema.

"Najua."

Sikuona aibu kulisema. Mimi ni mchoma mifupa wa Nkoasiyo, upande wa mashariki wa Mlima Meru, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Mifupa ya ng'ombe inaletwa kutoka machinjioni, naipanga ndani ya tanuri, naibania hewa, naipika siku mbili. Ikitoka ya kahawia haijaiva, maji yatanuka mzoga. Ikitoka nyeupe imeungua, ni jivu tu. Yangu hutoka nyeusi yenye kung'aa kijivu, kila tanuri. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu magoti ya baba yaligoma kukunjuka, baada ya miaka arobaini ya kunywa maji ya mlima, na ng'ombe walihitaji mtu wa kuwachunga. Meno yangu mwenyewe yana rangi ya chai. Lakini leo watoto mia tatu na arobaini wa kijiji hiki wanacheka midomo wazi, na miguu yao imenyooka. Hiyo ni kazi yangu. Anayetaka kubisha, meno yapo, akayahesabu.

Si mkaa peke yake, nisiwe mwongo. Juu ya mkaa umekaa utando laini kama ule wa maziwa yaliyochemka. Hao ni bakteria wa Taasisi, waliopewa jeni ya kunasa floraidi na kuikabidhi kwa mkaa. Kila miezi mitatu ndege isiyo na rubani inatudondoshea pakiti, na kila pakiti imeandikwa kwa wino mwekundu: OSHA, TUPA, PANDA UPYA. Yaani utando wa zamani uue wote kwa klorini, halafu upande mpya. Usalama wa bakteria hawa ni mmoja tu: hawawezi kuishi bila mkaa wa mifupa. Wakitoka tangini wanakufa. Wakimezwa wanakufa. Ndiyo maana serikali ilikubali maji yao tuyanywe.

*

Daktari aliweka mashine yake juu ya meza ya kibanda cha pampu, akakwangua utando wa namba sita kwa kijiko, akailisha mashine. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikala ndizi za kuchoma. Baada ya robo saa aliniita.

"Unaona mistari hii?"

"Naona miwili."

"Bakteria tuliokuletea wana jeni moja ya kunasa floraidi. Hawa wanazo mbili. Kuna mmoja alikosea kunakili wakati anajigawa, akajiwekea nakala ya ziada, na watoto wake wote wakairithi."

"Basi ndiyo maana maji ni mazuri. Vibarua wawili, kazi moja."

"Ingekuwa hivyo tu nisingekuita. Una matanuri mangapi?"

"Mawili."

"Yanafanana?"

"Niliyajenga kwa kipimo kimoja. La pili nililijenga ili la kwanza likipasuka nisikwame."

"Na sasa la pili linafanya nini?"

Nikamweleza. La kwanza linachoma mkaa wa kijiji na silichezei, maana nikiliharibu watu watakunywa sumu. La pili nilikuwa na ruhusa ya kuliharibu. Nikatoboa tundu hapa, nikaziba pale, nikahamisha moto. Mara nyingi lilitoa takataka. Siku moja likatoa vigae vizuri vya paa. Leo la kwanza linachoma mifupa, la pili linachoma vigae, na ukinitaka nichome mifupa kwenye la pili siwezi tena.

"Umenimalizia somo," akasema. "Jeni ikiwa moja, anayeiharibu anashindwa na wenzake na kizazi chake kinaisha. Zikiwa mbili, moja inashikilia kazi ya zamani na nyingine ina ruhusa ya kuharibika. Nyingi huishia takataka kweli. Hii yako ilipata kazi mpya. Na imepata saa zake yenyewe. Ya kwanza inafanya kazi maji yakipita. Ya pili inaamka maji yakisimama."

Maji yetu husimama Jumapili. Nkoasiyo ni Walutheri watupu. Tunafunga koki zote kabla ya ibada ya kwanza, na hatuzifungui mpaka mnada wa mazao ya sadaka uishe, jambo ambalo kwa mnadishaji tuliye naye linaweza kufika alasiri.

"Ikiamka inafanya nini?"

Alinimiminia punje za mkaa kiganjani. Kila punje ilikuwa imevaa gamba jeupe. Nikalijaribu kwa kucha, halikutoka. Nikalijaribu kwa jino, nikaumia.

"Inatengeneza mfupa," akasema. "Inachukua chokaa na fosfeti iliyomo kwenye maji, inajijengea. Ndiyo maana mkaa umepanda. Bakteria hawa hawakuhitaji tena, mzee."

Kwanza niliumia. Miezi kumi na minne nilikuwa nasifia moto wangu, kumbe ni wao. Halafu fahari nyingine ikanipanda, kubwa kuliko ya kwanza. Mimi wa darasa la tano, ndani ya tangi langu, kiumbe kimejifunza kuunda mfupa.

"Basi tumepata mali, daktari! Nchi nzima itaacha kuhangaika na machinjio."

"Tulia kwanza. Kamba tuliyowafunga nayo ilikuwa ni ule mkaa. Wameikata. Wanaweza kuishi popote penye maji. Sasa niambie, mwilini mwa mtu maji yanasimama wapi?"

Hakuna mwanamume wa umri wangu asiyejua jibu la swali hilo. Kwenye kibofu.

Alikunja mikono, akaniangalia. "Badiliko kama hili halitokei kwa miezi mitatu. Linataka miaka, tena mingi. Utando wa zamani ulikuwa unautupa?"

"Nilikuwa nautupa."

"Wote?"

"Wote."

"Basi utakuwa umetoka kwetu, ndani ya pakiti. Nitaandika hivyo. Tangi litahamishiwa Taasisi, mtaletewa jingine, wewe huna kosa." Alianza kufunga mashine yake. "Afadhali. Ungekuwa umetoka kwako, ningelazimika kukuuliza ni nani mwingine uliyempa."

Akaondoka, na kuahidi kurudi Alhamisi kwenye mkutano wa kijiji.

Nilikuwa nimemdanganya. Kwetu hakuna anayemwaga maziwa yote ya mgando na kuanza na kibuyu kitupu. Unabakiza kidogo chini, unamimina maziwa mapya juu yake, na ya zamani yanayafundisha mapya. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Pakiti ya kwanza ilipofika na wino wake mwekundu nilisema moyoni kwamba aliyeiandika hajawahi kufuga. Matangi matano ya mbele niliyaosha kama sheria inavyotaka, maana wakaguzi huyaangalia. Namba sita liko nyuma ya kibanda. Pale kila mara nilibakiza kikombe kimoja cha utando wa zamani nikauchanganya na mpya. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja.

Na maji yalipoanza kushinda ya wote, niligawa. Mtu mwenye mgando mzuri hamnyimi jirani. Kikombe kimoja kwa Loibanguti wa ng'ambo ya korongo, kimoja kwa Nassari, kimoja kwa Urio, kimoja kwa Mama Kitomari. Wachoma mifupa wanne, vijiji vinne. Niliwaambia wasimwambie mtu, na hawakumwambia mtu.

*

Nyumbani nilimkuta mke wangu Elifuraha ameinamia ndoo ya maji ya kunywa, anaisugua kwa mchanga.

"Hebu jaribu na wewe nikuone," akasema. "Huu mstari mweupe umenishinda. Nimesugua mpaka kucha zimekwisha."

Niliuchokoa kwa ncha ya kisu. Ulilia kama sahani.

"Ulianza lini?"

"Tangu mwaka jana. Mama Kitomari naye anao kwenye mtungi wake, niliuona kwenye harusi ya binti yake. Tukasema ni chokaa." Aliinuka, akajishika kiuno. "Baba Ndetaramo, uso huo umeutoa wapi?"

Nikamwambia yote. Elifuraha si mtu wa kulia. Aliketi, akapangusa mikono kwenye kanga, akafikiri.

"Watoto wanakunywa kikombe shuleni, kikombe nyumbani," akasema. "Wewe unakunywa lita nne kwa siku, palepale tangini, kila akija mgeni unajikinga kiganjani umwonyeshe. Na tangu mwezi wa pili unakojoa ukiegemea ukuta kama babu wa miaka tisini. Unadhani sikuoni?"

"Ni umri."

"Una miaka hamsini na mbili. Umri gani? Nenda zahanati kesho, na ukirudi na uongo ndani ya nyumba hii utalala na hiyo ndoo."

Zahanati ilikuwa imepata kitambaa kipya cha kupiga picha. Unatandikiwa tumboni, unalowanishwa kidogo, na kilichomo ndani kinajichora juu ya kitambaa kama taswira ya televisheni. Nesi Sifaeli alikilainisha kwa viganja, tukatazama wote wawili. Kibofu changu kilikuwa kivuli cheusi. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na kitone cheupe, kikubwa kama punje ya hindi, na nilipogeuka ubavu nacho kikabingirika.

"Jiwe," akasema. "Usiogope, Mzee Akyoo. Kwa ukubwa huu linapondwa kwa mawimbi, hukatwi popote. Ungechelewa miaka mitatu, ungekuja umebebwa."

"Umeliona kwa mwingine?"

"Mwaka huu? Wawili. Mmoja ni mtoto wa darasa la pili." Akaanza kukunja kitambaa. "Nilishangaa. Mtoto, na mawe!"

Sitaki kusema nilijisikiaje. Nitasema nilichofanya. Nilitembea mpaka nje ya zahanati nikakaa kwenye benchi la wajawazito, mpaka mmoja wao akaniuliza kama na mimi nasubiri mizani.

Nikaipima hesabu pale pale. Nikinyamaza, kosa ni la pakiti. Tangi namba sita linakwenda Taasisi likiwa hai, tunaletewa jingine mara moja, leseni yangu inabaki ukutani, jina langu linabaki zuri, na rafiki zangu wanne hawaulizwi kitu. Hawaulizwi kitu, na matangi yao yanaendelea kutengeneza mfupa kwenye vibofu vya vijiji vinne ambavyo hakuna daktari anayejua avitafute. Nikisema, namba sita linauawa. Sehemu ya kijiji inarudi kunywa maji ya mlima mpaka tangi jipya lijengwe, wakati meno ya watoto wengine ndiyo kwanza yanaota. Na wachoma mifupa wanne, watu walioniamini, wanapoteza leseni kwa mdomo wangu.

Nilikaa mpaka wajawazito wote wakapimwa.

*

Alhamisi uwanja wa shule ulijaa. Mwenyekiti Sangito Mbise alifungua kwa sala ndefu, kisha akampa nafasi Daktari Kokushubira. Daktari alieleza kwa lugha nyepesi kwamba bakteria wa tangi namba sita wamebadilika, kwamba Taasisi inaomba radhi kwa pakiti yenye hitilafu...

"Haikuwa pakiti," nikasema.

Nilikuwa nimesimama bila kunyoosha mkono. Mwenyekiti akaniambia ningoje zamu. Nikamwambia zamu yangu ilikuwa Jumatatu na niliipitisha kwa uongo.

Kisha nikasema. Nilieleza kikombe kimoja kila miezi mitatu, miaka kumi na moja. Nilieleza nakala ya pili kama daktari alivyonieleza mimi, kwa matanuri mawili, na wote wakaelewa, maana vigae vyangu viko juu ya vichwa vyao. Nikawaambia kuhusu jiwe. Nilishika mahali lilipo, mbele ya wanawake na mchungaji.

Kelele zilizuka. Kijana wa duka la mbolea alipiga ukelele, "Kaa chini, Fundi Ndewario! Mtu haendi kujichagulia fimbo ya kuchapiwa!" Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi. Mama mmoja aliyempakata mtoto aliinuka. "Maji yale yamemnyoosha miguu mwanangu. Tangi lisiguswe! Nani hapa anaumwa? Wewe mwenyewe unakula kama fisi."

"Tangi lisiguswe!" wakaitikia wengi.

Ndipo nilipowakasirikia. "Nisikilizeni. Namba sita ndilo tangi bora kuliko yote nchini, na nimelilea mimi. Hakuna anayelipenda hapa kama mimi. Lakini kuna mtoto wa darasa la pili amekutwa na jiwe, na sikumwuliza kama anataka kunywa jaribio langu. Sikumwuliza hata mmoja wenu. Niliwanywesha tu, kwa sababu nilijiona najua. Leo mnajua. Anayetaka kuyanywa, ayanywe akijua. Ila mtoto hana uwezo wa kukubali, na mimi simkubalii."

Mtoto wa yule mama alikuwa anakohoa.

Daktari Kokushubira alikuwa ameacha karatasi zake. "Mzee Akyoo," akasema polepole, "nani mwingine uliyempa?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikwepa siku tatu. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mtu aliinuka nyuma kabisa, karibu na goli la mpira. Alikuwa Loibanguti, mrefu, na kofia yake ya sufu. Sikujua amekuja.

"Usinitaje, Ndewario."

"Loibanguti, sina budi."

"Nimesema usinitaje! Unitaje kama mwizi wa kuku? Nina mdomo." Akamgeukia daktari. "Naitwa Loibanguti Mollel. Kikombe nilipewa, nikakimimina, na maji yangu yamekuwa matamu mwaka wa tatu. Tangi langu ni namba mbili. Nitaliua mwenyewe, asije mtu wa mjini akaniharibia koki." Halafu akanigeukia. "Wewe ni mpumbavu. Lakini ungenyamaza ningekuja kukupiga."

Wengine watatu niliwataja mimi. Nassari, Urio, Mama Kitomari.

*

Ijumaa asubuhi nilimimina klorini ndani ya namba sita kwa mikono yangu. Daktari alikuwa amechukua chupa tatu za utando, akazitia lakiri na kuziweka kwenye barafu. Alisema kule Taasisi wataitenganisha nakala ya pili na kuifungia upya kamba isiyokatika, na kwamba inaweza kuchukua miaka kumi, lakini siku moja watu wenye mifupa iliyovunjika vibaya watapona kwa kitu kilichozaliwa nyuma ya kibanda hiki cha pampu. Nilimwambia asinibembeleze. Akasema yeye ni Mhaya, Wahaya hawabembelezi, wanajisifu tu, na anaona Wameru nao wamo.

Utando ulibadilika rangi, ukajikunja, ukaelea. Nilisimama mpaka ukaisha wote. Sikuacha hata kikombe.

Kisha akanipa fomu. Leseni yangu ilikuwa imesimamishwa kwa mwaka mmoja, na yeye mwenyewe alinisomea hilo bila kupepesa macho. Foleni ya watu wa kupigwa picha zahanati ilikuwa imeshafika barabarani, na wa kwanza kwenye foleni ile ni yule mama aliyesema tangi lisiguswe, na mwanawe.

Fomu ilikuwa na maswali mengi na yote alikuwa amenijazia. Alibakiza moja. *Chanzo cha badiliko*, halafu mstari mfupi wa nukta.

"Hapa unaweza kuandika 'kosa la kiutaratibu'," akasema. "Inaruhusiwa. Wengi huandika hivyo."

Nikaichukua kalamu. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, mkubwa, wa kuegemea kushoto. Niliandika jina langu lote, Ndewario Samweli Akyoo, mchoma mifupa, Nkoasiyo, na mstari wa nukta ukaisha kabla sijafika kwenye kijiji, nikaendelea pembeni mpaka ukingo wa karatasi.

"Mzee, herufi kubwa hivyo?"

"Anayesoma kule juu asitafute miwani," nikamwambia, nikamrudishia kalamu yake.